Vidato Themanini na Nane

Mita mia tatu na kitu. Nimezipima kwa miguu yangu,
kutoka ghorofa ya nne, Mtaa wa Tkacka,
hadi chumba cha chini nilichopewa na manispaa
kwa ajili ya goti.
Mita mia tatu tu hapa hapa Łódź,
na wiki nzima natafuta wa kunihamisha.

Wa kwanza nilimpigia Jumatatu.
Sauti ya msichana, laini kama sabuni ya hoteli:
"Bibi, una mita za ujazo ngapi?"
Nikatazama chumba.
Kitanda. Meza. Viti viwili, kimoja hakikaliwi.
Cherehani ya miguu. Kabati. Vitabu vya Wacław
ambavyo sivisomi wala sivigawi.
Nikamwambia, mwanangu, nimefuma kiwandani miaka thelathini na mmoja,
niulize mita za kitambaa nitakujibu usingizini;
hewa sijawahi kuipima.
Akanitajia zloti elfu moja na mia mbili,
saa nne za lazima hata kazi ikiisha kwa moja,
na ngazi zina bei yake,
na mvua, ikinyesha, ina bei yake.

Wa pili alikuwa tangazo kwenye nguzo ya kituo cha tramu,
namba zimekatwa vipande vipande vya kunyofoa
na hakuna aliyenyofoa hata kimoja.
"Mia tatu, mkononi. Nakuja na shemeji."
Cherehani je?
"Itabebwa."
Na kabati?
"Litabebwa."
Angeniambia nyumba nzima itabebwa, na mimi ndani.
Rahisi ghali. Nikakata simu.

Jagoda, binti yangu, yuko Gdańsk na ana haraka:
"Mama, chukua wenye nyota nyingi.
Hawa hapa wana nne na nusu."
Hiyo nusu, nikamuuliza, nani aliivunja?
Akanyamaza.
"Labda sahani ya mtu," akasema.

Alhamisi akaja Ziemowit, fundi wa nusu makamo,
kifua kinapiga filimbi, daftari mfukoni mwa suruali.
Nilimsikia akifika mlangoni. Hakubisha.
Nikamsikia akishuka tena, polepole,
kisha akipanda, akihesabu kwa sauti.
"Themanini na saba," akasema nilipofungua.
Themanini na nane, nikamjibu. Nimevipanda miaka arobaini na miwili,
na magunia ya viazi, na mimba.
"Themanini na saba na robo.
Kile cha juu ya ghorofa ya tatu kimeliwa.
Mwenye mzigo hakioni. Tutakiwekea ubao."

Kidato kile.
Wacław alikuwa akikiruka gizani, mikono imejaa makaa.
Waliomteremsha na machela hawakukijua.
Nilikuwa juu, nimeshika mlango,
nikasikia chuma kikigonga ukuta
na mmoja wao akiomba radhi,
sijui alikuwa akimwomba nani.

Ziemowit hakujua haya, na sikumwambia.
Alikuwa akipima kabati, kisha mlango, kisha kabati tena.
"Hili lilizaliwa humu ndani," akasema.
Nitalifungua skrubu kwa skrubu. Saa mbili.
Nakutoza moja, ya pili nimeitaka mwenyewe."
Jumla mia saba na hamsini.
Mia saba, nikasema, maana ulimi umezoea.
Mia saba na hamsini, akasema,
na akaendelea kuandika.

Basi ni Jumamosi, saa mbili asubuhi.
Nilimwomba jambo moja tu:
kile kiti kisichokaliwa nitakibeba mimi,
goti au si goti.
Akalamba ncha ya kalamu, akaandika:
*kiti kimoja, mwenye nyumba.*
Hakunipunguzia hata zloti.